Laptopu Mpya Haina Deki: Namna ya Kuokoa Diski Zako Ukiwa Sydney

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na laptopu nyingi za zamani zikakataliwa na Windows 11 kwa kukosa prosesa na chipu ya usalama inayotakiwa. Hapa magharibi mwa Sydney nimeona nyumba kadhaa za watu wetu, kuanzia Auburn hadi Mount Druitt, zikinunua kompyuta mpya kipindi hicho. Shangazi mmoja wa Blacktown alinipigia simu siku ya pili tu baada ya kununua yake: "Mwanangu, kwenye hiki kidude diski inaingilia wapi?"

Haingii popote. Apple walitoa MacBook Air bila deki tangu 2008, wakaacha kuuza laptopu yao ya mwisho yenye deki mwaka 2016, na kampuni nyingine zikafuata. Kwa mtu anayetazama kila kitu mtandaoni si neno. Kwetu ni neno, kwa sababu tulihama na mabegi ya diski: harusi, khitma, ubatizo, kwaya, taarab, picha za hospitali.

Nimeandika mwongozo huu kwa uchungu wangu mwenyewe. Maziko ya baba yalirekodiwa Muheza mwaka 2009, kaka akachoma diski moja, akaniletea. Niliiweka kabatini miaka kumi nikisema nitaikopi wikiendi ijayo. Siku niliyoiingiza kwenye deki ilicheza vizuri mpaka jeneza linatoka msikitini, kisha ikaganda. Dua ya kaburini, iliyoombwa na amu ambaye naye ameshatangulia, haikusomeka tena. Baadaye nikaelewa sababu. Diski huandikwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na ukingo ndio unaoshikwa na vidole, unaokwaruzwa na unaoingiwa na unyevu kwanza. Kwa hiyo, diski ikijaa, sehemu iliyo hatarini zaidi ni mwisho wa shughuli: dua, nasaha, bi harusi anapoagwa. Ndiyo maana nasema deki mpya unayoitafuta isiwe ya kutazamia tu. Iwe ya kuhamishia.

Hatua ya 1: Tandaza diski mezani

Kabla hujatoa hata dola moja, toa diski zote kwenye mabegi na makasha, uzigawe mafungu. Usizipange kwa mwaka wala kwa aina. Kila moja iulize: hii ikifa leo, iko nyingine duniani?

Zilizochomwa nyumbani au studio ya mtaani ndizo za kwanza. Utazitambua ukizigeuza: chini zina zambarau, bluu au kijani, kwa kuwa leza iliandika juu ya tabaka la rangi. Za kiwandani kwa kawaida chini ni fedha tupu. Ile rangi huchoka kwa joto, jua na unyevu, na diski iliyokaa miaka kumi Tanga au Mombasa kabla ya kupanda ndege imeshakula joto la kutosha. Weka hapa pia zile diski ndogo za sentimita 8 zilizotoka kwenye kamera za mkononi. Hizo karibu kila mara hazina nakala nyingine.

Zinafuata VCD za shughuli za mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha muziki wa kununua, kisha filamu za dukani: za mwigizaji Steven Kanumba na wenzake, au zilizosimuliwa kwa Kiswahili na Lufufu au DJ Afro. Diski za hospitali zina fungu lao, na kama una miadi ya daktari mwezi huu zinapanda mpaka juu. Diski za printa na za programu za zamani ziache. Programu ya printa inapakuliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, na mara nyingi ile ya kwenye diski imeshapitwa na wakati.

Hatua ya 2: Pata deki ya nje

Ni kisahani chembamba chenye waya mmoja wa USB. JB Hi-Fi na Officeworks ni mahali pa kuanzia, na ya kawaida inayosoma na kuchoma CD na DVD hupatikana kwa makumi ya dola, si mamia. Usishawishiwe kulipa zaidi kwa ya Blu-ray kama huna diski za Blu-ray. Ya DVD inasoma CD, VCD na DVD, na hiyo ndiyo kazi yetu yote.

Tazama matundu ya laptopu yako kabla ya kwenda dukani. Laptopu nyingi mpya zina USB-C tu, lile tundu dogo la mviringo, ilhali deki nyingi bado zina kichwa kipana cha USB cha zamani. Nunua yenye kichwa kinacholingana, au ongeza adapta. Ukikuta Apple SuperDrive iliyotumika inauzwa rahisi na laptopu yako ni ya Windows, iache, maana ilitengenezwa kwa ajili ya Mac. Na kwa zile diski ndogo za sentimita 8, hakikisha deki ni ya sinia linalotoka nje. Deki inayomeza diski kwa mdomo inaweza kuing'ang'ania.

Nenda na diski moja usiyoijali, na muuzaji akikubali ijaribu palepale. Tunza risiti. Sheria ya walaji ya Australia inakupa haki ya kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha kwa bidhaa mbovu, hata kama hukulipia dhamana ya nyongeza.

Kuna njia isiyo ya kununua, na kwa wengi wetu ndiyo bora: ile laptopu ya zamani uliyoisukuma chini ya kitanda. Kama deki yake bado inazunguka, izime mtandao kabisa, ichomeke kwenye diski ngumu ya nje, na uifanye mashine ya kunakilia tu. Haihitaji Windows 11 kwa kazi hiyo. Na ikiwa kioo chake kimevunjika, fundi anaweza kuichomoa deki yake na kuivisha ganda la USB. Ganda hilo ni rahisi kuliko deki mpya, ila uende na vipimo, kwa kuwa deki za laptopu huwa na unene wa milimita 12.7 au 9.5.

Deki moja inatosha msikiti mzima au kanisa zima. Nunueni kwa kuchanga, izunguke.

Hatua ya 3: Ipe umeme na meza

Deki hizi hula umeme kutoka kwenye USB. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, la USB 3.0 hutoa 900, na mota ya deki inapoanza kuzunguka huhitaji umeme mwingi kwa mkupuo. Ukisikia diski inazunguka, inasita, inagonga kidogo, kisha inatulia bila kufunguka, usiilaumu diski kwanza. Chomoa kila kitu kingine, ichomeke deki moja kwa moja kwenye laptopu bila kupitia kigawanyo, na laptopu yenyewe iwe kwenye chaji. Kama deki imekuja na waya wenye vichwa viwili, chomeka vyote viwili.

Iweke mezani, pawe sawa. Si kitandani, si mapajani. Diski inapozunguka kasi, mtikisiko mdogo tu unaweza kuikwaruza.

Hatua ya 4: Weka programu ya kuchezea

Wengi hufika hapa wakadhani deki ni mbovu. Diski imeingia, jina lake limeonekana, lakini picha haitoki. Tangu Windows 8, Microsoft haijumuishi tena uwezo wa kucheza DVD kwenye Windows ya kawaida. Pakua VLC kutoka tovuti ya VideoLAN. Ni ya bure, ilianzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja Paris, na inacheza DVD, VCD na karibu kila faili utakayokutana nayo. Kwenye Mac DVD zinacheza bila programu ya ziada, lakini VLC itakufaa kwa VCD.

Neno moja kuhusu kanda za DVD. DVD za dukani zina namba ya kanda: Australia ni 4, Tanzania na Kenya ni 5, Oman na Ghuba ni 2. Ukiingiza DVD ya kanda nyingine, kompyuta inaweza kukuuliza kama ubadilishe kanda ya deki. Usikubali kwa haraka. Unaruhusiwa mara 5 tu, na baada ya hapo deki inabaki kwenye kanda ya mwisho moja kwa moja. Diski zilizochomwa nyumbani kwa kawaida hazina kanda, hivyo swali hilo likikujia kwa diski ya harusi, kataa na uifungue kwa VLC.

Hatua ya 5: Isafishe, lakini kwa adabu

Tumia kitambaa laini, futa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe: mkwaruzo unaofuata mduara huharibu data nyingi mfululizo, ule unaokatiza deki huweza kuuruka. Kama kuna mafuta au ukungu, maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo yanatosha, kisha kausha. Dawa ya meno iache kwa meno.

Watu hulinda upande wa chini unaong'aa na kusahau wa juu. Kwenye CD na VCD, data iko juu kabisa, chini ya chapa tu. Mkwaruzo wa upande wenye maandishi unaweza kuing'oa moja kwa moja, na hakuna usafi utakaoirudisha. Ndiyo sababu jina lililoandikwa kwa kalamu yenye ncha ngumu limeua CD nyingi. DVD ina nafuu kidogo, kwani data imelala katikati ya tabaka mbili za plastiki. Vibandiko vya karatasi vinavyoanza kubanduka usivivute, maana vinaweza kuondoka na data.

Hatua ya 6: Nakili

Usianze kwa kutazama. Najua moyo utavuta. Diski iliyochoka inaweza kuwa imebakiza mzunguko mmoja mzuri, na mzunguko huo uwe wa kunakili.

*DVD ya shughuli.* Ifungue kama unavyofungua flashi. Ndani kuna folda iitwayo VIDEO_TS. Ivute yote kwenye diski ngumu ya nje, ndani ya folda uliyoipa jina la shughuli na mwaka. DVD ya kawaida haizidi GB 4.7, kwa hiyo hata kumi hazijazi chochote. Ikikwama, usiirudie mara ishirini. Nakili faili mojamoja, zile za VOB, uone ni ipi inayogoma, kisha ijaribu diski hiyohiyo kwenye deki nyingine. Hili si ushirikina. Leza hutofautiana, na nimeona diski iliyokataa kwenye deki mbili mpya ikasomeka kwenye laptopu ya 2010. Kwa ile inayogoma kabisa kuna programu ya bure iitwayo ddrescue, inayookota kinachosomeka kwanza kisha kurudi kwa subira kwenye kinachogoma. Mtafute kijana anayeijua.

Folda ikishakuwa salama, ndipo utengeneze faili moja nyepesi ya kutazama na kutuma. HandBrake, nayo ni ya bure, inaisoma folda ya VIDEO_TS na kutoa MP4. Chagua mpangilio uitwao Fast 576p25, kwa sababu video za kwetu na za Australia zote ni za mfumo wa PAL: mistari 576, picha 25 kwa sekunde. Chagua H.264, hata kama mwanao atakwambia H.265 ni ya kisasa zaidi. Baadhi ya runinga za nyumbani Afrika Mashariki huenda zinaifahamu ya kwanza tu. Ukiona meno ya kitana pembeni mwa watu wanaocheza ngoma, washa kichujio cha Deinterlace.

Kama diski ndogo ya kamera inaonekana tupu kabisa huku chini ina alama ya kuandikwa, yawezekana haikufungwa. Kamera zile zilitaka uifunge diski kwa amri maalumu kabla haijasomeka kwingine. Ukiwa bado na kamera yenyewe, irudishe humo uifunge. Usikubali kuambiwa ni tupu.

*VCD ya shughuli.* Video imo kwenye folda ya MPEGAV, faili ya DAT. Inakili, uifungue kwa VLC. Ikigoma kunakilika, fungua diski yenyewe kwa VLC na utumie amri yake ya kubadilisha na kuhifadhi.

*Muziki.* Hapa sheria iko upande wako. Sheria ya Hakimiliki ya Australia ya 1968, baada ya marekebisho ya 2006, inakuruhusu kunakili CD ya muziki uliyoinunua kihalali kwa matumizi yako binafsi, mradi diski yenyewe ubaki nayo. Ukiiuza, nakala yako haina tena uhalali. Tumia programu ya muziki iliyomo kwenye Windows au Mac, na uchague FLAC au ALAC badala ya MP3. Kunakili mara ya pili huenda kusiwezekane, basi chukua sauti yote. Mtandao mara nyingi hautazitambua taarab na kwaya zetu na utakuletea "Track 01". Andika mwenyewe jina la wimbo, mwimbaji na kikundi siku hiyohiyo, wakati kasha liko mkononi.

*Filamu za dukani.* Ruhusa hiyo ya muziki haizifikii. Kwa filamu, sheria imeruhusu kuhamisha kanda za VHS, si DVD. Kwa hiyo Kanumba wako mtazame kwenye diski, kwa deki hiyohiyo na VLC. Tena ni haki ya waliofanya kazi ile, wengi wao hawakulipwa inavyostahili.

*Picha za hospitali.* Eksirei, CT na MRI kutoka nyumbani huja kwenye CD zenye faili iitwayo DICOMDIR na folda zenye majina ya namba. Nakili zote kama zilivyo, usibadilishe jina hata moja, kwa sababu DICOMDIR ndiyo ramani yake. Programu ya kutazamia iliyomo kwenye diski kwa kawaida ni ya Windows. Mwenye Mac atumie Horos. Usipige picha kioo kwa simu ukamtumie daktari, maana anahitaji faili zenyewe ili aongeze mwanga na kupima. Piga simu kliniki kabla ya miadi uwaulize wanapokea vipi: diski, flashi au mtandao. Hata mapokezi huenda kompyuta yao nayo haina deki. Na diski yenyewe nenda nayo.

Hatua ya 7: Gawa nakala

Nakala moja si nakala. Iwepo kwenye diski ngumu ya nyumbani kwako, nyingine kwa ndugu anayekaa kitongoji kingine, na ya tatu mtandaoni au nyumbani Afrika. Kwa mpango wa intaneti wa NBN unaopakia megabiti 20 kwa sekunde, DVD nzima ya GB 4.7 hupanda kwa takriban nusu saa. Iache ipande usiku.

Kutuma kwa WhatsApp, chagua kutuma kama hati, si kama video. Ukituma kama video, inabanwa mpaka sura zinapotea. Kikomo cha hati ni GB 2, na MP4 ya saa moja kwa kawaida inaingia bila shida.

Anayesafiri Desemba mpe flashi, lakini angalia ilivyofomatiwa. Flashi ya FAT32 hukataa faili inayozidi GB 4, na ukiigeuza exFAT ili ikubali, baadhi ya runinga za nyumbani hazitaisoma. Hapo ndipo MP4 nyepesi ya HandBrake inakuokoa: inaingia FAT32, na bibi anaitazama bila kumwita fundi.

Diski zenyewe usizitupe. Zisimamishe wima kwenye makasha yake, mbali na dirisha la magharibi na nje ya gereji, maana joto la Januari la Penrith unalijua.

Hatua ya 8: Andika nani ni nani

Hii haihitaji deki, na ndiyo inayoahirishwa kuliko zote. Keti na mzee, chezesha video, na uwe na daftari. Kila sura inapopita simamisha, uliza, andika dakika na jina, kisha iweke karatasi hiyo kama faili ya maandishi ndani ya folda ileile.

Kwa shangazi wa Blacktown tulifanya hivyo Jumamosi tatu, chai na mahamri mezani. Harusi ya mdogo wake ilikuwa ya dakika 94, na ukingo wa diski, kwa rehema, ulikuwa mzima. Watoto wake waliozaliwa hapa walikuja kukaa sakafuni. Dakika ya 12, anayefunga mlango ni mjomba. Dakika ya 40, wapiga dufu wa Pangani, majina mawili tu yamekumbukwa. Dakika ya 88, bi harusi anaagwa, na mwanamke mwenye leso ya zambarau anayemshika kidevu ni mama yake shangazi. Watoto hawakuwahi kumsikia sauti. Shangazi akasema, "Rudisha nyuma kidogo, bado hajamaliza kumwambia."